Kishikwambi Kilichopima Kasi ya Sauti

Kishikwambi ninachofundishia fizikia kilianza kazi kwa kuhesabu watu. Agosti 2022 makarani wa Sensa ya Watu na Makazi walipita nacho na vingine vya aina yake nyumba kwa nyumba, Tanzania nzima, na hesabu ilipokamilika tukawa watu 61,741,120. Baada ya hapo serikali ikavigawa vifaa vile kwa walimu, navyo vikaanza kutufikia mwishoni mwa mwaka uleule. Changu nilikisainia katika ofisi ya mkuu wa shule, kwenye daftari lilelile tunalosainia chaki na karatasi za mitihani.

Nafundisha katika sekondari ya kata wilayani Kilosa, mkoani Morogoro. Mwanzoni nilikitumia kishikwambi kama walimu wengi walivyokitumia: kusoma mihtasari na vitabu vya Taasisi ya Elimu, kuandaa andalio la somo, kujaza takwimu za shule, kufuatilia kundi la WhatsApp la walimu wa sayansi. Kazi zangu za ofisini zilipungua, na nilishukuru. Lakini mtoto wa Kidato cha Tatu aliyekaa dawati la nyuma hakuona tofauti yoyote. Kwake fizikia iliendelea kuwa ubao, chaki na sauti yangu.

Maabara tunayo. Ilijengwa katika harakati za mwaka 2014, kufuatia agizo la Rais Jakaya Kikwete kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya biolojia, wananchi wakachangia mchanga, mawe, fedha na nguvu zao. Nawakumbuka kina mama waliobeba maji ya kujengea, na kila ninapofungua mlango wa chumba kile najua nina deni kwao. Kujaza vifaa vya kutosha zaidi ya watoto 70 wa mkondo mmoja ni jambo jingine. Saa za kupimia muda ni chache, betri zake huisha, na kikundi cha watoto kumi kikizunguka saa moja, wanaojifunza kweli ni wawili walio karibu nayo.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wa mazoezi, kijana wa chuo kikuu aliyekuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Siku moja baada ya vipindi aliniuliza, “Madam, kishikwambi chako kina phyphox?” Nilikuwa sijawahi kuisikia. Ni programu iliyotengenezwa na wanafizikia wa chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, ikatolewa mwaka 2016. Ni ya bure, na ukishaipakua hufanya kazi bila intaneti. Kazi yake ni kukuonyesha vipimo ambavyo simu yako inavipokea muda wote bila wewe kujua.

Hapo inabidi nieleze kidogo. Ukiilaza simu ubavu, picha nayo inageuka. Simu imejuaje kwamba imelazwa? Ndani yake kuna kihisi cha mwendo, kipande kidogo mno cha silikoni kilichoshikiliwa na springi nyembamba zisizoonekana kwa macho. Springi zikipinda, simu inajua inasukumwa upande gani na kwa kiasi gani. Kuna pia maikrofoni, kihisi cha mwanga kinachopunguza ung'avu wa kioo ukiingia gizani, na katika simu nyingine dira ya sumaku. Vyote hivi ni vyombo vya maabara. Tumevibeba mfukoni miaka yote hii kwa ajili ya kupiga picha na kutuma pesa.

Kijana akafungua kihisi cha mwendo, akaweka kishikwambi mezani, akaniambia, “Usikiguse, Madam. Soma tu.” Kilikuwa kinasoma 9.8. Kifaa kimelala, hakiendi popote, lakini kinasema 9.8, namba ambayo kila mwanafunzi wa fizikia anaijua kuwa ni ya mvutano wa dunia. Kisha akachukua simu yake mwenyewe, akaishika juu ya godoro tulilolitoa hosteli, akaiachia. Mchoro kwenye kioo ulionyesha mstari umekaa kwenye 9.8, ukaporomoka hadi karibu sifuri wakati simu ikiwa hewani, halafu ukaruka juu ilipogusa godoro.

Nilimwomba airudie. Kwa miaka mingi nimefundisha swali la mtu aliyesimama ndani ya lifti: lifti ikipanda kwa kuongeza mwendo, mzani anaoukanyaga unasoma zaidi, kamba ikikatika, mzani unasoma sifuri. Wanafunzi wangu wengi hawajawahi kupanda lifti. Walilikariri swali kwa sababu linaletwa kwenye mitihani, wakatumia kanuni, wakapata maksi, na sikuwa na njia ya kujua kama wanaamini. Sasa jibu lilikuwa mbele yetu juu ya godoro. Simu ikiwa mezani, meza inaisukuma juu na springi zinapinda. Ikiwa inaanguka, simu na kile kipande cha silikoni vinaanguka pamoja, hakuna kinachomsukuma mwenzake, springi zinanyooka. Mwaka 1907 Albert Einstein, wakati huo akifanya kazi katika ofisi ya hataza mjini Bern, aliwaza hivyohivyo: mtu anayeanguka hausikii uzito wake. Wazo hilo ndilo lililomfikisha kwenye nadharia yake ya mvutano.

Kujifunza kubonyeza programu ile kulikuwa kazi ya jioni moja, na mwalimu yeyote anayetumia simu kutuma pesa anaiweza. Kilichonichukua muda ni kujua nimuulize mwanafunzi nini kabla sijabonyeza. Nikiwaonyesha mchoro moja kwa moja, watasema “Eeh!” kisha wanangoja niwape maelezo ya kuandika daftarini. Nikiwaambia kwanza kila mmoja achore kwenye karatasi anachodhani kitatokea, nikawapa dakika wabishane na jirani, ndipo niachie simu, mambo yanabadilika. Aliyechora mstari ukipanda wakati wa kuanguka ana jambo la kujitetea. Na wengi huchora hivyo, kwa sababu akili inaona kinachoanguka kinaongeza mwendo, basi namba nayo iongezeke.

Zoezi lililonishika zaidi ni la kasi ya sauti. Kitabu kimoja kinasema mita 330 kwa sekunde, kingine 340, na mtoto anakariri moja kati ya hizo. Njia ya kuipima bila vifaa ni ya mwangwi: simama mita 50 mbele ya ukuta mpana, piga kofi, sikiliza sauti ikirudi. Imekwenda na kurudi mita 100, nayo imetumia chini ya theluthi moja ya sekunde. Shida ni kwamba kidole cha binadamu huchelewa karibu moja ya tano ya sekunde baada ya sikio kusikia. Uchelewaji wa kidole unaukaribia muda wenyewe tunaoutafuta, kwa hiyo kila kikundi kinarudi na jibu lake.

Ndani ya phyphox kuna saa inayoendeshwa na mlio. Mlio wa kwanza unaiwasha, wa pili unaizima. Ukiwa na vifaa viwili, kidole hakihitajiki tena.

Tulikwenda uwanjani asubuhi, kabla ya upepo kuanza kuvuma. Madawati mawili, umbali wa mita 10 kati yake uliopimwa kwa futi kamba. Kishikwambi changu dawati moja, cha mwalimu wa kemia dawati la pili. Kando ya kila dawati mwanafunzi mmoja mwenye vipande viwili vya mbao, kwa sababu mbao zikigonganishwa hutoa mlio mfupi na mkali kuliko makofi. Kabla ya kuanza tuliongeza kiwango cha sauti kinachoiamsha saa, maana darasa la jirani lilikuwa likiitikia kwa pamoja na kila kiitikio kilikuwa kikiiwasha.

Msichana wa dawati la kwanza anagonga. Kishikwambi kilicho mbele yake kinaanza kuhesabu papo hapo, lakini kile cha mbali kinangoja sauti ikifikie, hivyo kinaanza kwa kuchelewa. Kisha mvulana wa dawati la pili anagonga. Sasa cha kwake ndicho kinachosimama papo hapo, na cha msichana kinaendelea kuhesabu mpaka sauti ivuke uwanja. Kifaa cha msichana kimewahi kuanza na kimechelewa kuisha. Tofauti kati ya vifaa viwili ndiyo muda wa sauti kwenda mita 10 na kurudi mita 10. Mvulana anaweza kugonga baada ya sekunde moja au baada ya tano, tofauti haibadiliki.

Raundi ya kwanza cha msichana kilisoma sekunde 1.874, cha mvulana 1.816. Tofauti ni sekunde 0.058. Mita 20 gawanya kwa 0.058 ni 345. Raundi zilizofuata zikatoa namba kati ya 339 na 351, na tulipochukua wastani wa muda tukapata mita 347 kwa sekunde.

“Madam, kitabu kinasema 330,” akasema mmoja. “Tumekosea?”

Mwingine akaitupia lawama futi kamba kwamba imelegea. Wakapima upya umbali, ukawa uleule. Mwingine akasema vishikwambi vimezeeka. Niliwaacha wabishane, kwa sababu hicho ndicho nilichokuwa nakitaka: namba waliyoitoa wenyewe inapingana na namba ya kitabu, na hawako tayari kuiachia. Kisha nikamtuma mmoja alete kipimajoto kutoka maabara. Kilisoma nyuzi joto 27.

Sauti husafiri kwa chembe za hewa kusukumana, na hewa yenye joto chembe zake hukimbia haraka zaidi, hivyo habari ya msukumo inafika mapema. Kwenye nyuzi sifuri kasi ni karibu mita 331 kwa sekunde, na kila nyuzi moja inayoongezeka huongeza takriban mita 0.6. Zidisha 27 kwa 0.6, jumlisha na 331. Yule aliyeilaumu futi kamba ndiye aliyekimbilia kukokotoa mchangani kwa kijiti, akapata 347. Kitabu hakikukosea. Kilikuwa kinazungumzia mahali penye baridi, na hakuna aliyewahi kumwambia mtoto wa Kilosa kwamba hewa yake mwenyewe inabeba sauti haraka kuliko ya huko.

Wakaomba tupime tena mchana. Jua likiwa limepanda, kipimajoto kivulini kikisoma 32, wastani ukasogea hadi 350. Ni kweli hesabu inasema hivyohivyo, lakini niliwaambia wazi kwamba kwa saa inayosoma sehemu moja ya elfu ya sekunde, tofauti ya mita tatu ni ndogo mno kuitegemea. Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida haongei darasani, akasema, “Basi tuyatenge madawati mbali zaidi, sauti ichukue muda mrefu.” Tukayatenga mita 20. Sijawahi kumfundisha mtu yeyote sentensi ile, ilitoka kwake. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unasisitiza umahiri badala ya kukariri, na walimu tumekaa semina tukijiuliza umahiri huo tutautambuaje ukitokea. Mimi niliusikia siku ile.

Kipindi kilichofuata niliwasimulia habari ya Isaac Newton. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1687 alikokotoa kasi ya sauti kwa hesabu tupu, akapata namba iliyo chini ya kasi halisi kwa karibu asilimia 15. Newton alidhani hewa inapobanwa na wimbi la sauti joto lake halibadiliki. Mfaransa Pierre-Simon Laplace ndiye aliyeeleza, mwaka 1816, kwamba mbano ule ni wa haraka mno, joto halipati nafasi ya kutoka, na ndiyo sababu sauti inakwenda mbio zaidi. Kwa zaidi ya karne moja vipimo vilikuwa vikimpinga mwanasayansi aliyeheshimiwa kuliko wote, na vipimo ndivyo vilivyokuwa sahihi. Wanafunzi waliotoka uwanjani na namba yao waliisikiliza habari hiyo kwa masikio ya watu ambao yamewakuta.

Wapo wazazi na walimu wenzangu wanaouliza kama haya hayawaharibii watoto mtihani, kwa sababu kwenye mtihani wa vitendo watapewa uzi, jiwe na saa ya kupimia muda, hawatapewa kishikwambi. Swali ni la haki. Ndiyo maana zoezi la pendulumu nalifanya kwa njia zote mbili siku hiyohiyo. Kikundi kimoja kinahesabu mibembeo 20 kwa saa ya kupimia muda na kugawanya kwa 20. Kingine kinaning'iniza simu ndani ya kimfuko chepesi, iyumbe, na programu inasoma muda wa mbembeo mmoja mmoja. Uzi wa mita moja unatoa karibu sekunde 2 kwa njia zote mbili. Kisha nawauliza: kwa nini mtihani unataka mibembeo 20, na usitake mmoja? Wanajaribu mmoja kwa saa ya kupimia muda, wanaona majibu yanavyotapakaa, na kosa la kidole linapogawanywa kwa 20 wanaliona likiyeyuka. Baada ya hapo kanuni ya mibembeo 20 inakuwa ya kwao.

Kuna chombo kingine ninachokitumia, majaribio ya kuigiza ya PhET kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Aliyeyaanzisha mwaka 2002 ni Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Nayo unaweza kuyapakua na kuyatumia bila intaneti, na mengine yamefasiriwa kwa Kiswahili. Nayapenda kwa mambo yasiyoonekana: elektroni zikitembea kwenye waya, molekuli za gesi zikigonga kuta za chombo. Lakini taa, betri na swichi nawapa mikononi, hata kama betri ni za redio na taa ni za tochi. Mtoto aliyeunganisha waya kwenye kioo tu hajui kwamba waya uliolegea huzima taa, na mafundi wengi wa kesho wamo darasani mwangu.

Kwa mwalimu au mzazi anayetaka kujaribu, maelezo machache ya vitendo. Kipimo cha sauti hakihitaji simu ya gharama. Maikrofoni kila simu inayo. Kihisi cha mwendo nacho kimo karibu katika kila simu janja. Kinachokosekana mara nyingi kwenye simu za bei nafuu ni kihisi cha mzunguko, ambacho zoezi la pendulumu linakihitaji, na kipima shinikizo la hewa. Programu yenyewe itakuonyesha, kwa sababu mazoezi ambayo simu yako haiyawezi hutokea yamefifia. Ukiachia simu ianguke, godoro liwe nene na urefu usizidi nusu mita. Chaji usiku uliotangulia, umeme ungalipo.

Wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, na sitaki utaratibu huo ulegezwe kwa sababu ya fizikia. Vishikwambi viwili vya walimu vinatosha darasa zima ikiwa kila mtoto ana kazi: wa kugonga, wa kusoma, wa kuandika, wa kukokotoa, wa kupima joto, na wa kukagua hesabu za mwenzake, halafu wanabadilishana. Uwanja ni mkubwa kuliko meza ya maabara, hakuna anayefunikwa na migongo ya wenzake. Kwenye siku zetu za MEWAKA, mafunzo endelevu ambapo walimu tunakutana kusaidiana masomo, zoezi hili nimelifanya na wenzangu kabla hawajalipeleka madarasani mwao. Mwalimu wa jiografia sasa anatumia kihisi cha mwanga kulinganisha kivuli cha miembe na eneo lililokatwa miti. Sikumfundisha hilo, alilifikiria akiwa amekaa chini ya mwembe.

Muhula ujao tunahamia barabarani. Kila mtu ameisikia honi ya pikipiki ikibadilika inapompita: inakuja kwa mlio wa juu, ikishapita inashuka. Honi yenye mitetemo 400 kwa sekunde, ikiwa juu ya bodaboda inayokwenda kilomita 36 kwa saa, itatufikia kama mitetemo 412 ikija na 389 ikienda, na phyphox inaweza kuisoma tofauti hiyo. Kutoka kwenye tofauti hiyo wanafunzi watakokotoa mwendo wa pikipiki bila kuigusa, kwa kutumia kasi ya sauti waliyoipima wenyewe. Mzazi mmoja mwenye bodaboda amekubali kutusaidia. Mkuu wa shule ameridhia kwa sharti kwamba wanafunzi wote wakae ndani ya uzio. Kilichobaki ni spidomita ya yule mzazi, ambayo kwa sasa haisomi, na ameahidi kuipeleka kwa fundi kabla shule hazijafunguliwa.